Mwendo wa Mawe Yaliyoanikwa

"Nyamazeni! Hebu nyamazeni kwanza!"

Mwalimu Walter alipiga makofi, na wimbo ukakatika katikati ya neno kama uzi uliokwama kwenye sindano. Wa mwisho kufunga mdomo alikuwa Nthambi. Yeye ndiye aliyeuanzisha, kama kawaida yake, na aliyeanzisha wimbo huona uzito kuuacha njiani.

"Huu mnaoimba ni wimbo gani?" Walter akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa kijana mpole, shati lake limepigwa pasi hadi mikono inakata. Alikuja kufundisha shule ya msingi iliyo jirani na kanisa, na wazee wakamkabidhi kwaya baada ya Mzee Maingi kurudi kwao Mwala, miguu imemshinda.

"Si ni Nifungulie, mwalimu," akajibu Nyongesa, dereva wa lori la soda, na sauti yake ya nne ikatikisa benchi. "Ama wewe umesikia mwingine?"

Watu wakacheka. Walter naye akacheka kidogo, kisha akaenda pembeni na kufunua blanketi. Chini yake palikuwa na gramafoni aliyoiazima kwa rafiki yake. Kanisa lilikuwa limeingiziwa stima mwaka huohuo, mwaka ule wa njaa na unga wa njano, na lile tundu la ukutani bado lilitazamwa kwa heshima. Walter akachomeka waya, akaitoa sahani ya santuri kwenye karatasi yake, akaipuliza vumbi.

"Sikilizeni," akasema. "Msiseme kitu. Sikilizeni tu."

Sindano ikakwaruza, kisha wimbo ukatoka.

Ulitoka mbio. Ulitoka ukiwaka kama bati jipya juani. Sauti ya mwanamke ilianza kule juu kabisa, nyembamba, safi, haina hata chembe ya wasiwasi, na wenzake wakamdaka kabla hajashusha pumzi, wakaenda naye wakiruka. Mabati yalijibu. Watoto waliokuwa wakicheza nje walikuja kuchungulia dirishani. Ulikuwa Nifungulie, hakuna aliyeweza kukataa. Kona zote zilikuwa mahali pake, mpando ulipanda palepale na mshuko ulishuka palepale. Lakini ulikuwa kama kumwona mama yako akicheza kamba.

Ulipokwisha, Kageha wa sauti ya kwanza ndiye aliyeshindwa kujizuia.

"Haki ya Mungu," akasema, kiganja mdomoni, "ni wimbo wa harusi!"

"Na sisi tumezikia nao watu!" akasema Nyongesa, na safari hii kicheko kilivunja nyumba. Watu walishikana mabega. Mama mmoja alikalia ngoma.

Nthambi hakucheka. Alikuwa akiitazama ile sahani ikizunguka, akimtafuta mtu ndani yake.

Maana kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mzee Maingi alikuwa mchonga vinyago, na mke wa mhubiri mmoja wa ng'ambo, mteja wake wa vinyago, ndiye aliyemnasia wimbo ule kwenye kaseti. Wakati huo kanisa halikuwa na stima. Kulikuwa na redio kaseti ya mzee, na mawe yake ya redio, yaani betri, na mawe mapya yalikuwa kitu cha Krismasi. Siku nyingine zote mawe yaliyochoka yalitolewa, yakaanikwa juu ya mabati asubuhi nzima mpaka yapate moto, kisha yakarudishwa haraka tumboni mwa redio, na kwaya ikakaa chini kujifunza kabla hayajapoa. Hivyo ndivyo walivyojifunza Nifungulie, mstari baada ya mstari. Redio iliburuta. Kila kitu kilitoka kizito, kinene, taratibu, kama mtu anayepanda mlima na gunia la mahindi. Na kwa kuwa hawakuwahi kuusikia popote pengine, walijua ndivyo ulivyo. Mzee akautilia maneno ya Kiswahili yanayolingana na uzito ule: *Nifungulie, nimesimama mlangoni, nifungulie, sitaondoka.* Kabla ya Krismasi kufika, redio iliimeza kaseti, ikautafuna utepe wote, na basi, wimbo ukabaki vifuani mwao tu.

Kwenye kaseti ile, mwanamke aliyeanzisha alikuwa na sauti kama ya Nthambi.

Hilo Nthambi hakuwahi kumwambia mtu. Sauti yake ilikuwa ya chini tangu utoto. Akiwa darasa la sita, mwalimu wa kuimba alimwambia aende akasimame na wavulana. Hata sasa, mgeni akibisha chumbani kwake naye akajibu "nani?" kutoka ndani, mgeni huomba radhi akidhani amekuta mwenye nyumba mwanamume. Kisha ikaja kaseti ya mzee, na humo ndani mwanamke, tena Mzungu, tena wa kwaya kubwa ya ng'ambo, anaanzisha wimbo kwa sauti nzito kama yake, na wote wanamfuata. Mzee Maingi alinyoosha kidole. "Wewe. Nthambi. Huyu ni wewe." Tangu siku hiyo alisimama mbele.

Na sasa Walter ameuwasha wimbo kwa stima, na yule mwanamke hayuko. Hakuwahi kuwako. Alikuwa mawe yaliyochoka tu.

"Hakuna wa kulaumiwa," Walter alikuwa akisema. "Lakini Jumamosi ijayo tunaenda kurekodi. Redioni, kipindi cha kwaya cha Jumapili asubuhi. Nchi nzima itasikia. Lazima tuimbe kwenye ufunguo wake wa sauti, na mwendo wake, na ile furaha yake. Hasa furaha. Nyinyi mnaimba kama mnadai kitu." Akatoa mfukoni kifilimbi cha duara, akapuliza. "Dada Nthambi, sauti yako hii hapa. Anzisha."

Nthambi akavuta pumzi. Alipanda hadi pale alipoweza, na pale asipoweza sauti ikapasuka. Mtu nyuma akakohoa. Akajaribu tena, ikapasuka palepale.

"Dada Kageha," Walter akasema taratibu, "hebu wewe."

Kageha akamtazama Nthambi kwanza. Kisha akaimba, na ikapanda bila shida yoyote.

"Basi," akasema Walter, akifurahi kama mtu aliyepata mwanga. "Nthambi, wewe utasimama mstari wa nyuma. Ukifika mahali pa juu fungua mdomo tu, usitoe kitu. Si aibu. Hata kwaya kubwa hufanya hivyo."

*

Nthambi alishona kola. Kiwandani, kule mtaa wa Baba Dogo, kila mtu alikuwa na kipande chake cha shati; kuna wa mikono, kuna wa mifuko, kuna wa vifungo, na shati zima hulioni mpaka uje ulione limevaliwa na mtu kituo cha basi. Kola ndiyo iliyokuwa yake, na yake kweli. Ukifika kwenye ncha ya kola unazamisha sindano kitambaani, unainua mguu wa cherehani, unageuza kitambaa, unashusha mguu, ndipo unaendelea. Hapo hapana njia ya mkato. Ukikimbia, ncha inatoka butu kama ulimi wa ng'ombe, na shati lote linakuwa limeshonwa na mtu aliyetamani kuwa kwingine.

Cherehani ya jirani ilikuwa ya Kageha, mshona mikono.

"Umeninunia," Kageha akasema Jumatatu, bila kuinua kichwa, maana supavaiza alikuwa akipita.

"Sijakununia."

"Umeninunia. Tangu asubuhi hujaniomba hata mkasi."

"Mkasi ninao."

"Unaona?" Kageha akavuta mkono mwingine wa shati. "Mimi sikuomba kuanzisha, na unajua. Nikikataa atamweka yule binti wa katibu wa kwaya, anayeimba na pua."

"Ulianzisha vizuri, Kageha. Nasema kweli."

"Hiyo vizuri yako ina mwiba ndani." Akakata uzi kwa meno. "Lakini si ni ukweli, Nthambi? Tulikuwa tumekosea. Mawe yalikuwa yamekufa, na sisi tukajifunza maiti."

"Yalikuwa yamechoka. Hayakuwa yamekufa."

"Tofauti ni gani?"

Nthambi akainua mguu wa cherehani, akageuza kitambaa, akaushusha. Asubuhi nzima alikuwa amejaribu kuuimba wimbo kimoyomoyo kwa mwendo wa sahani, na kila alipofika kwenye ncha ya kola ulimponyoka, ukaenda zake. Akajaribu tena. Haukumngoja. Ulikuwa wimbo wa watu wasio na kona.

"Wewe uliposikia ile sahani," akamuuliza Kageha, "ulisikia nini? Huyo mtu wa mlangoni, ulimwona yuko vipi?"

Kageha akafikiri. "Amevaa vizuri," akasema. "Ameshika zawadi."

"Na wa kwetu?"

Kageha akainamia mkono wa shati. Supavaiza alikuwa amerudi.

*

Jumatano stima ikapotea kiwandani, wakaambiwa wapumzike mpaka irudi. Nthambi akavua aproni, akavuka barabara, akapita gereji na wauza vyuma, akaenda moja kwa moja hadi shuleni. Alimkuta Walter kwenye bomba, anaosha chaki mikononi.

"Dada! Kuna nini? Uko sawa?"

"Niko sawa, mwalimu. Nina swali. Jumamosi nikifungua mdomo nisitoe kitu, nitakuwa nimeenda kufanya nini?"

Walter akakung'uta maji vidoleni. "Utakuwa umesaidia. Kwaya ni mwili mmoja."

"Mwili wenye mdomo wa bandia."

"Usiseme hivyo." Akafunga bomba. "Nielewe, tafadhali. Wimbo ule una mwenyewe. Aliuandika kwa ufunguo wake, kwa mwendo wake. Kuna watu wanaoujua, nimesoma nao, wengine sasa wanafundisha kwaya kubwa hapa mjini. Wakisikia redioni tunauburuta vile, watasema nini? Watasema hawa watu wa mitaa ya Eastlands, hata wakipewa kitu kizuri hawajui kukishika. Mimi sitaki mchekwe."

"Sisi tuchekwe, ama wewe?"

Akatabasamu kwa shida. "Sote."

"Mwalimu, mimi sikatai. Wa sahani ndio wimbo wenyewe. Wewe ndiye unajua." Nthambi alikuwa akiongea polepole, akichagua kila neno kama anayechambua mchele. "Lakini yule wa sahani anabisha kama mgeni aliyealikwa. Anajua chakula kiko mezani, wanamngoja yeye. Sisi hatukualikwa. Sisi tumesimama hapo mlangoni tangu lini, na hatuondoki. Ndivyo tunavyouimba. Ndiyo maana unasikia tunadai kitu. Tunadai."

Ilionekana kwamba lile neno limemfika Walter mahali. Kisha kengele ya shule ikalia, watoto wakamwagika uani, naye akajikusanya tena.

"Hayo ni maneno mazuri, dada. Lakini si muziki."

"Sawa."

"Kama utaona vigumu, Jumamosi pumzika tu. Hakuna atakayekulaumu. Kweli."

"Nitakuja," akasema Nthambi.

Njiani kurudi alimfikiria yule mwanamke wa kaseti. Alikuwa amemlilia tangu Jumamosi, kimya, kama mtu anavyomlilia jamaa wa mbali ambaye hakuna wa kukupa pole yake. Alipofika langoni mwa kiwanda, cherehani zilikuwa zimeanza kunguruma, na machozi yalikuwa yameisha, pamebaki kitu kikavu na kigumu. Kama yule hayuko, alijiambia, basi niko mimi.

*

Chumba cha kurekodia kilikuwa na sakafu ya mbao na kuta zilizovikwa magunia mazito, na sauti ya mtu ilianguka miguuni pake mara tu ilipotoka. Waliambiwa wavue viatu, mbao zisije zikalia. Wakasimama safu tatu, kwaya nzima peku, soksi za wanaume zikiaibisha wenyewe. Nyuma ya kioo aliketi fundi wa mitambo, mzee mwenye sweta iliyotoboka kiwikoni, na mbele yake magurudumu mawili ya utepe.

"Taa nyekundu ikiwaka," sauti yake ikasema kutoka kwenye spika, "sitaki hata mtu ameze mate. Mkikosea, endeleeni. Sitaki mazungumzo humo."

Nthambi alikuwa safu ya nyuma, karibu na Nyongesa.

"Umehamia kwetu, dada," Nyongesa akanong'ona. "Karibu. Huku tuna nafasi ya kutosha, chini hakujai."

Taa ikawaka. Walter akainua mikono, Kageha akaanzisha.

Wakaimba vizuri. Nthambi alitamani wangeharibu, angalau wapotee kidogo, lakini waliimba vizuri. Walikuwa wamefanya mazoezi kila jioni, na wimbo uliruka mahali pa kuruka, ukang'aa mahali pa kung'aa. Alifungua mdomo na kuufunga kama alivyoagizwa. Hewa ilipita ulimini bila kazi. Aliwaona wenzake kwa nyuma, shingo zao zikinyooka kufikia zile sauti za juu, mabega yamepanda kama ya watu wanaochungulia juu ya ua wa mtu. Kisha ukaisha, na taa ikazimika.

"Safi!" spika ikasema. "Safi sana, mwalimu. Ukifunga macho ni ng'ambo kabisa."

Walter akafuta uso kwa leso. Alikuwa ameng'aa kama bwana harusi.

"Tupige moja ya akiba," fundi akaendelea, "halafu mwende mkanywe chai."

Walter akapuliza kifilimbi. Kageha akasafisha koo. Taa ikawaka, na kikaja kile kimya ambacho hakuna mtu anaruhusiwa kukigusa.

Nthambi akakigusa.

Hakutafuta ufunguo popote. Alifungua mdomo na sauti ikatoka mahali pake pa chini, nene, haina haraka, ikatembea juu ya vichwa vya waliokuwa mbele yake. *Nifungulie.* Akalipa neno urefu wake wote. *Nimesimama mlangoni.*

Mikono ya Walter ilikuwa bado hewani. Macho yake yakamtafuta, yakampata, na mkono mmoja ukafanya ishara ya kukata, mara moja, mara mbili. Hakuweza kusema kitu. Taa ilikuwa nyekundu. Nthambi aliuona mkono ule vizuri sana. Akaungoja umalize, akachukua mstari wa pili.

Hapa kwaya ilipaswa kuingia. Kwa kitambo kidogo hakuingia mtu, na Nthambi akajua maana ya kusimama peke yako mlangoni kwa mtu. Hakushusha sauti. Kama wangemwacha, angeuimba hadi mwisho hivyohivyo.

Kisha kando yake kitu kikanguruma. Nyongesa ameingia, uso ameukaza kama anayepanda mlima mbaya na lori limejaa. Sauti ya nne yote ikamfuata, halafu ya tatu, halafu wale wanawake wa sauti ya pili ambao wiki nzima walikuwa wakipumua kwa shida. Wa sauti ya kwanza walibaki midomo wazi. Kageha alimtazama Walter, akaitazama ile taa, na mwisho akainamisha kichwa, akashuka chini walikokuwa wenzake, akaingia.

Sasa wimbo ulikuwa mzima. Haukuruka popote. Ulipofika kwenye mpando, ulisimama kwanza, ukakanyaga, ndipo ukapanda. Zile kuta za magunia, zilizokuwa zimekula kila sauti tangu asubuhi, zilishindwa kuumeza. Ulibaki chumbani, ukajaa toka sakafuni, na watu waliusikia nyayoni mwao. *Sitaondoka,* wakaimba, na hawakuimba kama wanaoomba. Walter aliendelea kupiga mkono kwa mwendo wake wa sahani, haraka haraka, peke yake, kama mtu anayefukuza inzi. Kisha mikono ikaanza kuchelewa. Kisha ikashuka, ikaning'inia.

Ukaisha. Taa ikazimika.

"Nani alianzisha ule?" Walter akauliza hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Basi mbona unauliza, mwalimu?"

Mtu akacheka puani, akajizuia.

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Nimeimba."

"Mtu asiyefuata mkono wa mwalimu hana nafasi katika kwaya hii, dada. Hata awe nani."

"Nafasi yangu uliichukua Jumamosi ile," akasema Nthambi. "Leo nimejirudishia. Ukitaka kuichukua tena, njoo uichukue hapa nilipo. Mimi sitaipeleka kwako."

Walter akafungua mdomo, lakini macho yake hayakubaki kwa Nthambi. Yaliwapitia watu, mmoja mmoja. Kageha alikuwa ametoka safu ya mbele. Alipita katikati ya wenzake kwa miguu yake peku, bila kelele, akaja kusimama upande wa pili wa Nthambi, huko nyuma. Akatazama mbele kama kwamba ndipo aliposimama siku zote.

Spika ikakwaruza.

"Mwalimu," fundi akasema, polepole, tofauti na mwanzo. "Huo wa pili ni wimbo mwingine?"

Walter akaikunja leso yake.

"Hapana," akasema. "Ni huohuo."

"Sawa. Basi nipeleke hewani upi?"

Swali likabaki limening'inia juu yao. Nyuma ya kioo, fundi alikuwa ameegemea mbele, mashavu mikononi, akimtazama Walter, na Walter alikuwa amemgeukia Nthambi, kama mtu anayemngoja aanzishe. Utepe ulikuwa umefika mwisho. Gurudumu lilizunguka nao bado, na ile ncha iliyobaki huru ilikuwa ikipiga chuma, ikisikika kwenye spika, tap, tap, tap, na hakuna aliyenyoosha mkono kuizuia.